Taa ndogo ya strobu ya kujitengenezea: ione puli inayozunguka kama imesimama

Kuna mashine ya kusaga hapa mtaani ilisumbua karibia mwezi mzima, unga unatoka chenga chenga, mwenye mashine akabadilisha chekeche, akageuza nyundo, akaja fundi wa kwanza akasema mota imechoka, wa pili akasema umeme mdogo, na wote walichofanya ni kusimama pale wakaangalia puli inavyozunguka, sasa puli ikiwa kwenye kasi utaona nini zaidi ya ukungu? Mimi nikaenda na kataa kangu ka kujitengenezea, nikapiga chaki alama moja kwenye puli ya mota na nyingine kwenye puli ya kinu, nikamulika, na kabla hata debe halijaisha jibu likawa limepatikana. Nitarudi kwenye hiyo mashine huko chini, kwanza nikuelekeze jinsi ya kuitengeneza hii taa maana vitu vyake vingi unaweza kuwa navyo tayari kwenye lile boksi la mabaki.

Inavyofanya kazi ni rahisi tu. Taa inawaka kidogo sana halafu inazima, inawaka tena inazima, na kama kila ikiwaka puli imekamilisha mzunguko mmoja kamili basi jicho linaiona puli mahali pale pale, kwa hiyo inaonekana imesimama. Puli ya 1500 rpm, yaani mizunguko 1500 kwa dakika, inazunguka mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo taa ikipiga flashi 25 kwa sekunde umeikamata. Hesabu yote ni hiyo, rpm gawanya kwa 60 unapata Hz, yaani mara ngapi kwa sekunde. Mafundi magari wanaijua siku nyingi kwa jina la taa ya taimingi, unaibana kwenye waya wa plagi namba moja, plagi ikichoma na taa inawaka, ile alama ya kwenye puli ya krenki inatulia unaisoma. Na sio kitu cha jana, mwaka 1832 Joseph Plateau wa Ubelgiji na Simon Stampfer wa Austria kila mmoja kivyake walitengeneza visahani vyenye matundu vya kufanya hivyo hivyo bila umeme, halafu 1931 Harold Edgerton pale chuo cha MIT Marekani akaleta ile ya taa ya gesi inayowaka kwa umeme.

Taa ya gesi, ile ya zenon, ndo utaikuta kwenye strobu za zamani na kwenye flashi za kamera, na kuna watu watakushauri uchomoe kwenye kamera mbovu. Mimi nakukataza. Kapasita ya mle inakaa na volti kama 300 hata kamera ikiwa imezimwa, na ile ya kuichokoza taa iwake inaruka mpaka maelfu ya volti. LED ya siku hizi inatosha kabisa, haizidi volti 12, na inawaka na kuzima haraka kuliko unavyohitaji.

Kabla ya vifaa, hapa usiruke. MASHINE HAIJASIMAMA. Najua unajua, lakini ukishaimulika kwa dakika mbili tatu na boliti unaiona imetulia tuli ubongo unasahau, mkono unakwenda wenyewe kuigusa, nimeshajikuta nimenyoosha kidole mimi mwenyewe ambaye taa nimeitengeneza. Kwa hiyo shika taa kwa mikono miwili, au mkono mmoja uweke mfukoni, na nguo zisininginie. Ndo maana pia karakana zenye tyubu laiti za choki za zamani hawaachi leizi na taa hizo peke yake, umeme wetu ni 50 Hz, tyubu inafifia mara 100 kwa sekunde, na shafti ya 1500 au 3000 inaweza ikaonekana kama imesimama bila wewe kutaka. La pili, taa za kuwakawaka zinaweza kumwangusha mwenye kifafa, hasa kati ya flashi 3 na 30 kwa sekunde, na 25 yetu imo humo humo. Uliza watu waliopo kabla hujawasha, na wewe mwenyewe ukisikia kichwa kinauma zima.

Haya vifaa. Arduino Nano moja, kile kibodi kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu, hata ile ya kichina. LED ya wati 10 ya volti 9 hadi 12, ile ya mraba ya kwenye taa za nje, pamoja na lenzi yake kama utaipata. Mosfeti IRLZ44N, hii ndo swichi ya kuwasha na kuzima LED. Risista za 220 ohm, 10k, halafu mbili kubwa za wati 5, moja ya 1 ohm na moja ya 10 ohm. Kapasita ya 2200 µF ya volti 25. Enkoda KY-040, ile inafanana na nobu ya volyumu ila inazunguka haina mwisho na ukiibonyeza ina batani. Skrini ya tarakimu nne TM1637. Kishusha volti, LM2596 inatosha. Betri 18650 tatu, zile za kwenye betri ya laptop iliyokufa mara nyingi mbili tatu huwa nzima, unazifunga kwa kufuatana upate 12.6 zikijaa, na bodi yake ya BMS ya 3S, ile ya kulinda betri tatu, usiiruke maana hizi betri zikipigwa shoti ni moto. Kama hutaki betri tumia adapta ya volti 12 ya dikoda, itakubali, ila utakuwa unaburuza waya karibu na mikanda inayozunguka na hilo silipendi. Kwa Dar vyote hivyo utavipata Kariakoo, kwa Nairobi Luthuli.

Kwenye mosfeti kuwa makini. Utauliza IRLZ44N, muuzaji atakupa IRFZ44N atakwambia ni ile ile. Sio ile ile. Ya herufi L inafunguka vizuri kwa volti 5 za Arduino, ya F inataka kama 10 ndo ifunguke yote, ukiiweka hapa taa itawaka hafifu utahangaika kutafuta tatizo kwenye kodi (ile programu ya Arduino) wakati kodi haina shida. Soma maandishi kwa macho yako, kama ni madogo piga picha na simu uyakuze.

Kuunganisha: chanya ya betri inapita kwenye risista ya 10 ohm, inaingia kwenye chanya ya kapasita. Kutoka hapo hapo kwenye kapasita inapita risista ya 1 ohm kwenda chanya ya LED. Hasi ya LED inaenda mguu wa katikati wa mosfeti, dreini. Ukiiangalia mosfeti maandishi yakikutazama, mguu wa kushoto ni geti, wa kulia ni sosi. Sosi inaenda hasi ya betri, pamoja na hasi ya kapasita na GND ya Nano, zote sehemu moja. Geti inatoka pini 10 ya Nano kupitia 220 ohm, halafu risista ya 10k kutoka geti kwenda hasi. Waya kati ya kapasita, LED na mosfeti ziwe fupi na nene kidogo. Kishusha volti kipokee kutoka betri moja kwa moja, kabla ya ile 10 ohm, ukirekebishe kitoe volti 5 KABLA hujakiunganisha na pini ya 5V ya Nano, vinginevyo Nano inaondoka siku hiyo hiyo. Enkoda: CLK pini 2, DT pini 3, SW pini 4. Skrini: CLK pini 6, DIO pini 7. Zote mbili zinakula 5V.

Sasa hiyo risista ya 10 ohm ndo naomba usiione kama urembo. Taa yangu ya kwanza sikuweka. LED kwenye strobu inawaka asilimia moja tu ya muda, kwa hiyo unaweza kuipa ampia mbili wakati kawaida yake haifiki hata moja, haipati muda wa kuchemka na ndo inavyopata mwanga wa kutosha. Vizuri. Shida ni siku kodi ikigoma pini ikabaki juu. Mimi nilikuwa najaribu kodi nyingine, ikaganda taa ikiwa imewaka, nikaenda kuchukua maji, narudi nakuta harufu na doa jeusi katikati ya LED. Ukiweka hiyo 10 ohm, kapasita ndo inatoa ile ampia mbili ya flashi, halafu inajazwa taratibu kupitia risista kabla ya flashi inayofuata. Kodi ikiganda, kapasita inaisha na kinachobaki kupita ni kama ampia 0.3 tu, LED inavumilia. Ndo fyuzi yako hiyo na haiungui.

Kodi ni fupi:

```
#include <TM1637Display.h>
TM1637Display skrini(6, 7);
volatile long rpm = 1500;
volatile long hatua = 10;

void nobu() {
  if (digitalRead(3)) rpm += hatua;
  else rpm -= hatua;
  if (rpm < 300) rpm = 300;
  if (rpm > 9999) rpm = 9999;
}

void weka(long r) {
  unsigned int kilele = 15000000UL / r - 1;
  OCR1A = kilele;
  OCR1B = kilele / 100;
}

void setup() {
  pinMode(10, OUTPUT);
  pinMode(2, INPUT_PULLUP);
  pinMode(3, INPUT_PULLUP);
  pinMode(4, INPUT_PULLUP);
  TCCR1A = _BV(COM1B1) | _BV(WGM11) | _BV(WGM10);
  TCCR1B = _BV(WGM13) | _BV(WGM12) | _BV(CS11) | _BV(CS10);
  weka(rpm);
  attachInterrupt(digitalPinToInterrupt(2), nobu, FALLING);
  skrini.setBrightness(3);
}

void loop() {
  noInterrupts(); long r = rpm; interrupts();
  weka(r);
  skrini.showNumberDec(r);
  if (!digitalRead(4)) {
    hatua = (hatua == 100) ? 1 : hatua * 10;
    delay(300);
  }
}
```

Ukitaka kujua hiyo 15000000 imetoka wapi: Nano ina saa ya MHz 16, tumeigawa kwa 64, inabaki hatua 250,000 kwa sekunde, zidisha kwa 60 upate za dakika. Yaani kila hatua ni mikrosekunde 4. Usije ukafanya flashi kwa delay, kila skrini ikiandika namba flashi itachelewa na picha itatetemeka kama mlevi, hapa taimba ya ndani ndo inapiga yenyewe, hata loop ikichelewa flashi haijui. Na kama unajua mambo ya taimba utauliza kwa nini pini 10 na sio 9: kwenye huu mpangilio namba mpya inasubiri mzunguko wa taimba uishe ndo inaingia, kwa hiyo ukizungusha nobu picha inateleza taratibu bila kuruka. Mwanzo nilitumia pini 9 na ICR1, kila nikishusha namba kulikuwa na flashi moja inapotea, inakera sana macho.

Kubonyeza nobu kunabadilisha hatua, 1, 10, 100. Nobu ikirukaruka namba weka kapasita ndogo ya 100 nF kati ya pini 2 na GND.

Ile asilimia moja nimeichagua kwa makusudi. Flashi ikiwa ndefu unaona vizuri lakini picha inavutika. Chukua puli ya milimita 100 kwa 1500 rpm, ukingo wake unakimbia karibu mita 8 kwa sekunde, flashi ya asilimia moja ni mikrosekunde 400, ndani ya muda huo ukingo umesogea milimita 3. Kuona mkanda au boliti inatosha, kusoma maandishi madogo haitoshi. Badilisha 100 iwe 400 kwenye kodi utapata mikrosekunde 100 na mvutiko chini ya milimita moja, ila mwanga unapungua mara nne, itabidi ufunge dirisha au usubiri jioni. Mimi naachaga 100.

Kuhakiki: weka 1500, pima Hz kwa multimita kati ya pini 10 na GND, inatakiwa ikupe 25. Multimita nyingine inachanganyikiwa na palsi nyembamba, hapo chomoa LED, kwa muda badilisha 100 iwe 2, pima, halafu URUDISHE. Nano nyingi zina resoneta ya kauri badala ya kristali kwa hiyo ikikosea rpm chache kwenye 1500 usiumie.

Boksi nimetumia lile la plastiki la jointi za umeme, nimetoboa tundu la LED mbele, nobu juu, skrini nyuma inanitazama. LED nimeibana kwenye kipande cha bati la aluminiamu kiwe hitisinki ya kuondoa joto, kwa matumizi ya kawaida hata haipati moto. Lenzi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, bila lenzi mwanga unamwagika ukumbi mzima na kwenye puli hakuna kitu.

Kutumia sasa. Zima mashine kabisa, weka alama MOJA kwenye shafti au puli, chaki, au tipeksi inadumu zaidi. Kwa nini moja: feni ya mapanga matatu ukiimulika kwa kasi yake mara tatu nayo inaonekana imesimama na mapanga yake matatu vizuri kabisa, utaondoka na namba ya uongo. Washa mashine, anza na rpm ya juu kabisa, shuka. Utakutana na sehemu alama zinaonekana mbili, hiyo ni kasi mara mbili, shuka tena. Ya kwanza kutoka juu inayokupa alama moja iliyosimama ndo kasi yenyewe. Ukianzia chini utadanganyika, maana shafti ya 1500 itasimama pia kwenye 750, kwenye 500, kwenye 375, na huko chini taa inakuwa inakukonyeza tu.

Ukishaikamata, shusha rpm 5. Sasa puli inaonekana inazunguka taratibu kwenda mbele, mzunguko mmoja kwa sekunde 12, na hapa ndo utamu ulipo, maana unaitazama mashine inayofanya kazi kwa kasi kamili kama unaisukuma kwa mkono: puli inayoyumba, kii iliyolegea kwenye shafti, boliti inayojifungua, nyuzi za mkanda zinazochomoza. Ukipandisha 5 juu ya kasi yake inarudi nyuma. Usitazame kupitia simu, kamera ya simu ina michirizi yake itakuchanganya.

Ile mashine ya kusaga sasa. Mota yake ya poli nne, kibao kinasema 1440, puli ya mota inchi 8 na ya kinu inchi 4, kwa hiyo kinu kinatakiwa kwenda mara mbili ya mota. Bila mahindi mota nilisoma 1485 na kinu 2960, safi. Tukamwaga mahindi, mota ikashuka 1440 kama kibao kinavyotaka, kinu kikashuka mpaka 2610 wakati kilitakiwa kuwa 2880. Hiyo 270 imeliwa na mkanda. Tukazima, tukafungua, mikanda ilikuwa imelika pembeni mpaka imekaa chini kabisa kwenye mfereji wa puli, inang'aa kama kiatu, na mkanda wa V unavuta kwa mbavu zake sio kwa tumbo. Ameweka mipya, unga ukarudi laini. Mota ambayo ilikuwa ipelekwe kusukwa upya haikuguswa.

Kitu cha mwisho, mashine zinazozidi 9999. Grainda ndogo nyingi zimeandikwa 11000 na skrini yetu haifiki huko. Shuka kutoka juu, pita zile zenye alama mbili au tatu, utapata alama moja kwenye 5500 hivi, iandike. Endelea kushuka mpaka alama moja inayofuata, 3667. Zidisha hizo mbili, gawanya kwa tofauti yake: 5500 mara 3667 gawanya kwa 1833, unapata 11003. Inakubali kwa mashine yoyote ilimradi namba zako mbili zifuatane bila kuruka yenye alama moja katikati. Na kwa grainda vua kwanza lile jiwe, alama iweke kwenye nati, kisha grainda ibane kwenye vaisi ndo uwashe.